Misheni kwa vijana wa pati: mwongozo kamili kwa timu inayotoka usiku

Kuna jambo moja nataka likae kichwani kabla hujafungasha begi: mtu aliyelewa hafanyi uamuzi wa kuokoka. Anaweza kukuambia ndio, anaweza kulia begani kwako, anaweza kurudia sala ya toba neno kwa neno, halafu kesho yake hakumbuki hata sura yako. Nimeona timu zinaenda misheni ya namna hii na daftari la kuhesabu waliookoka, zinarudi na namba kubwa kabisa, ukiuliza hao watu wako wapi sasa hivi hakuna anayejua. Kwa hiyo huu mwongozo nimeupanga hivi, usiku ni wa kuwafikisha watu salama wanapolala, mazungumzo yakija yanakuja yenyewe, na mambo mazito tunayaongea asubuhi mtu akiwa na akili zake zote.

Na hii kazi si ya kubuni. Kule London, mtaa wa Brixton, mwaka 2003 Les Isaac alianzisha Street Pastors, watu wa makanisa ya kawaida tu wanatoka usiku wa wikendi wakiwa na maji na ndala za kuwapa kina dada wanaotembea peku baada ya viatu virefu kuwashinda, na wenzao wengine wanabaki ndani wanawaombea. Marekani wanafunzi Wakristo wanaenda South Padre Island mwezi wa tatu wakati vyuo vimefunga na ufukwe umejaa, wanabeba watu bure kwa vani usiku, asubuhi wanawapikia pankeki. Ibiza huko Hispania kuna watu wa mtandao wa maombi unaoitwa 24-7 Prayer wameshinda miaka mingi mtaani San Antonio wakiokota vijana waliozima barabarani na kuwarudisha hotelini. Ukiangalia wote watatu utaona kitu kimoja, wameanza na mwili wa mtu. Miguu, kiu, usafiri, njaa.

Hatua ya 1: Mwalikwe kwanza

Usipeleke timu mji wa starehe kwa sababu tu umeona video ukaguswa. Tafuta kanisa lililopo pale pale, hata kama ni dogo la watu ishirini, uwaulize wanaonaje, maana nyie mtakaa wiki moja au mbili mtaondoka na wao ndo watabaki na majirani, polisi na wenye klabu. Kama hakuna kanisa lolote linalowataka, subirini.

Baada ya hapo ongeeni na polisi wa eneo mjitambulishe, mwambie ni watu wangapi, mtavaa nini, mtatoka saa ngapi. Ongeeni na mameneja wa klabu na mabaunsa pia, na hili watu wengi wanalidharau, baunsa ni mtu anayeona kila kitu na akiwaamini atawaita yeye mwenyewe, "njooni kuna binti huku hajiwezi". Ulizeni sheria za kugawa vipeperushi na kuhubiri barabarani kwa sababu zinatofautiana nchi na nchi, hata mji na mji. Na kama mnavuka mpaka ulizeni mapema kuhusu viza, nchi nyingi hazihesabu kazi ya kujitolea wala ya dini kama utalii.

Hatua ya 2: Nani aende na nani asiende

Hapa kuwa mkali, hata kama itauma. Aende mtu mwenye miaka 18 kwenda juu, mwenye afya ya kukesha, anayeweza kutukanwa akanyamaza. Mchunguze kila mtu kama unavyomchunguza anayefanya kazi na watoto, barua ya mchungaji, na rekodi ya polisi pale inapopatikana, kwa sababu unampeleka kwa watu ambao usiku ule hawawezi kujilinda na watu wenye nia mbaya wanapenda sehemu kama hizo.

Ndugu aliyeacha pombe juzi juzi atakuja kwako na moto mwingi sana, "Mi ndo nawaelewa hawa". Ni kweli anawaelewa, lakini harufu ile, mziki ule, taa zile, vinaweza kumrudisha alikotoka, na sisi tutakuwa tumemtoa sadaka. Mpe chumba cha maombi au jikoni, mwaka ujao mtaongea tena. Anayetaka kwenda ili ajionee pati ikoje, huyo utamjua kwa maswali yake.

Hakikisha kuna wanawake wa kutosha. Kama timu ni wanaume watupu usiiruhusu itoke.

Hatua ya 3: Mafunzo, miezi miwili kabla

Kila mtu afanye kozi ya huduma ya kwanza yenye mazoezi ya mikono, sio ya kusoma tu. Halafu fanyeni maigizo, mmoja awe mlevi mwenye hasira, mwingine anayelia, mwingine anayetongoza, mwingine anayedhihaki, muone nani anapaniki. Ni zoezi la saa mbili tu ila linafichua mengi kuliko fomu za kuomba kujiunga na timu.

Fundisheni pia kusikiliza. Wakristo tumezoea kujibu. Mtu akisema "Mungu alimchukua mama yangu" usikimbilie mstari wa Biblia, sema pole, nyamaza, muulize mama alikuwa mtu wa namna gani.

Hatua ya 4: Kilichomo begini

Maji ya chupa ndogo, ndala za saizi mbalimbali, glavu, waipsi, mifuko ya kutapikia (ile imara, mfuko wa dukani unavuja), plasta na bandeji, blanketi za foili zile nyepesi za kuokolea, pipi za kijiti, tochi, pawa benki yenye waya za aina zote. Hiyo pawa benki usiiache kabisa, watu wengi wanaopotea usiku wamepotea kwa sababu simu imezima na jina la hoteli liko ndani ya simu. Pipi za kijiti nazo usizione utoto, watu wawili wanaotaka kupigana ukiwapa kila mmoja pipi mara nyingi wanashangaa kwanza, na ule mshangao unatosha kuwatenganisha.

Karatasi yenye namba: dharura (Ulaya 112, Marekani na Kanada 911, Uingereza 999), hospitali ya karibu, teksi, ubalozi, kanisa. Iwe karatasi kweli. Vipeperushi vya injili wekeni vichache tu na visitoke mpaka mtu aombe, vikigawiwa ovyo vinaishia chini vinakanyagwa.

Fulana za timu ziwe za rangi moja yenye kung'aa na jina mgongoni, ili mtu na baunsa na polisi wajue nyie ni nani kutoka mbali.

Hatua ya 5: Gawa kazi

Yesu aliwatuma wawili wawili, mi nashauri watatu watatu kwa sababu moja ya kawaida kabisa: mmoja anakaa na mgonjwa, mmoja anapiga simu, mmoja anaangalia mgongo wenu. Watatu hao wasiwe jinsia moja. Hawaachani hata kwenda chooni.

Chumba cha maombi kiwe na watu usiku kucha, na wawe na simu inayopokea ujumbe kutoka mtaani: "tuna kaka yuko kwenye hali mbaya", "dada mmoja ameomba aombewe, ndoa ya wazazi wake inavunjika". Kule South Padre maombi ya abiria wa vani yanatumwa chumbani wakati gari bado liko njiani, na kuna watu wameshuka wakiwa wameshajua kwamba kuna chumba mahali watu wanawaombea sasa hivi. Majina kamili msitume, jina la kwanza linatosha.

Halafu kiongozi wa zamu, mmoja, ambaye neno lake ndo la mwisho. Akisema tunarudi mnarudi, mjadala kesho.

Hatua ya 6: Mtaani

Saa 4 mpaka saa 6 usiku watu wanaingia, wana haraka, wamependeza, hawakuhitaji. Salimia tu, toa maji, wakuzoee. Kazi yenyewe inaanza kama saa 7 kuendelea, mpaka saa 10 alfajiri, klabu zinapotema watu nje.

Usimvamie mtu. Simama anapokuona, shuka chini usawa wa macho yake kama amekaa, sema jina lako, sema mko nani. "Mambo, naitwa fulani, sisi ni volantia wa kanisa, tunahakikisha watu wanafika salama. Uko poa?" Basi. Usifiche kwamba ni wa kanisa, akija kugundua baadaye ataona mlimtega.

Kuna usiku tulimkuta binti amekaa kwenye ukingo wa barabara, viatu kavishika mkono mmoja, kisigino kinatoka damu, kipande cha chupa kimebaki ndani kama punje ya mchele. Mwenzangu mwanamke akapiga magoti, "Mdogo wangu, naona umejikata mguuni, naweza kuuangalia?" Akaitikia kwa kichwa. Tukawasha tochi, kile kipande cha chupa kikatoka, maji, waipsi, plasta, ndala za bluu zilizokuwa kubwa kidogo. Muda wote hatujasema neno la dini. Yeye ndo akauliza, "Mnalipwa bei gani kufanya hivi?" Hatulipwi. Akamwangalia mwenzangu vizuri kwa mara ya kwanza. "Sasa kwa nini?"

Hilo swali ndo mlango, na anayeulizwa ajibu kwa sentensi mbili tatu za moyoni mwake, sio mahubiri. Mwenzangu alisema, "Kuna wakati na mi nilikuwa chini hivi na Yesu akaniokota, nimekuja kufanya alichonifanyia." Halafu akamuuliza analala wapi.

Hatua ya 7: Mtu aliyelewa kupita kiasi

Hapa soma taratibu, hapa watu wanakufa.

Marafiki watakuambia "mwache alale, atakuwa poa". Sio lazima awe poa. Pombe iliyoko tumboni inaendelea kuingia kwenye damu hata baada ya mtu kuzimika, kwa hiyo saa nzima baadaye anaweza kuwa na hali mbaya kuliko sasa. Ini linasafisha takriban gramu 8 hadi 10 za alkoholi kwa saa, na kopo moja la bia la nusu lita lenye asilimia 5 lina karibu gramu 20, yaani kopo moja tu ni saa mbili za kazi. Kahawa haiharakishi, kuoga maji baridi hakuharakishi (na kunaweza kumshusha joto la mwili vibaya), kutembezwa hakuharakishi. Wala usimtapishe kwa kidole, anaweza kuvuta matapishi kwenye mapafu.

Muite kwa sauti, mguse bega, mfinye sikio kidogo. Akifungua macho na kujibu, mkalishe, mfunike, mpe maji kidogo kidogo, msimwache. Asipoamka, au anapumua chini ya mara 8 kwa dakika, au kuna mapengo ya sekunde 10 bila pumzi, au ngozi imepauka, imekuwa ya buluu au baridi, au amepata degedege, au amepiga kichwa: piga simu ya dharura hapo hapo. Usiombe ruhusa kwa marafiki wanaoogopa polisi.

Wakati mnasubiri, kama anapumua, mlaze ubavu. Piga magoti pembeni yake, mkono wake ulio upande wako utandaze ukiwa umekunjwa kiwiko kiganja kikiangalia juu, mkono wa mbali ulete kifuani mpaka nyuma ya kiganja iguse shavu la upande wako, goti la mbali likunje, halafu vuta lile goti kuja kwako abingirike. Inua kidevu ili njia ya hewa ifunguke na mdomo uelekee chini ili akitapika kitoke nje. Endelea kuhesabu pumzi, weka mkono karibu na pua yake usikie. Kama hapumui kawaida, mlaze chali, anza kubonyeza kifua katikati, kwa nguvu, kina cha sentimita 5 hadi 6, mara 100 mpaka 120 kwa dakika, mpaka msaada ufike. Kuombea unaweza kabisa, ombea huku mikono inafanya kazi.

Madawa ni kitu kingine. Aliyekunywa vidonge vya kuchangamka akacheza saa nyingi anaweza kupata joto la hatari, anachemka, anachanganyikiwa, taya zimekaza. Mtoe kwenye joto, mpepee, piga simu. Maji anywe kwa vijifundo, usimlazimishe lita nzima, maana maji mengi kwa mpigo yanashusha chumvi kwenye damu na hilo peke yake linaweza kumuua. Wahudumu wa ambulensi waambie ukweli wote wa alichotumia kama unajua.

Na yule binti aliyekunywa glasi moja tu halafu ghafla hajiwezi, na kuna mwanaume pembeni anasema "ni demu wangu nampeleka nyumbani": muulize binti jina la huyo mwanaume. Akishindwa, hatoki mtu hapo. Ita baunsa, ita polisi, tafuta rafiki zake aliokuja nao. Kama mtu anakuambia amebakwa, muamini, mpeleke sehemu tulivu na mwanamke mwenzake, usimuulize alivaa nini, mwambie asioge wala asifue nguo mpaka hospitali kama anataka ushahidi uwepo, na afike hospitali haraka kwa sababu dawa za kuzuia maambukizi ya VVU zinatakiwa zianze ndani ya saa 72. Kuripoti ni uamuzi wake.

Hatua ya 8: Gari

Dereva hafanyi kingine chochote usiku huo, amelala mchana, ana leseni na bima ya kubeba abiria (bima ya gari la familia mara nyingi haihusu hii kazi, ulizeni). Kila safari watu wawili wa timu, mmoja mwanamke. Andika saa ya kuondoka, waliopanda wangapi, wanashukia wapi. Usimpeleke mtu asiyejua anakaa wapi kwenye nyumba ya timu, hata kama moyo unakuuma, mpeleke kituo au hospitali au kaa naye mpaka mwenzake apatikane. Mkimfikisha mlangoni mnaishia mlangoni, ndani anaingizwa na rafiki yake au mtu wa mapokezi.

Humo garini ndo mtaongea sana. Kuna kitu kwenye gari usiku, watu wamekaa wanaangalia mbele, taa zimezimwa, wanaanza kusema mambo ambayo hawajawahi kusema. Wewe sikiliza.

Hatua ya 9: Maombi na injili

Omba ruhusa kila mara. "Naweza kukuombea kwa dakika moja?" Akisema hapana, sema sawa na uendelee kumpenda vile vile, hiyo hapana yake ikipokelewa vizuri inamwonyesha Mungu kuliko maombi ya lazima. Usimwekee mikono kichwani bila kuuliza. Usikemee mapepo kwa mtu aliyelewa barabarani, umati utajaa, simu zitatolewa, na huyo mtoto wa watu ataamka kesho yuko mtandaoni.

Akitaka kuokoka papo hapo, furahi naye kweli, ombeni pamoja maombi mafupi, halafu mwambie wazi, "Hili jambo ni kubwa, nataka tuliongee asubuhi ukiwa umelala, njoo tule pamoja", umpe mahali na saa. Nimelaumiwa sana kwa msimamo huu, nimeambiwa je akifa usiku? Mungu aliyesikia sala ya yule mwizi msalabani anasikia na ya huyu, mi siwezi kumzuia wala kumsaidia kwa kuandika jina kwenye daftari langu. Ninachoweza ni kuhakikisha hafi usiku huu.

Na someni tena Luka 10. Msamaria alifunga majeraha, akampandisha kwenye mnyama wake, akampeleka nyumba ya wageni. Hakuna mahali imeandikwa alimhubiria. Halafu kuna maneno tunayaruka: siku ya pili. Bado alikuwepo siku ya pili, akatoa dinari mbili.

Mambo yasiyofanyika hata kidogo

Kupiga picha au video ya mtu aliyelewa, hata ya kuonyesha wafadhili, hata ukificha sura. Kubaki peke yako na mtu chumbani. Kuchukua namba ya mtu wa jinsia nyingine kwenye simu yako binafsi, tumieni simu ya timu. Kunywa hata glasi moja. Kukopesha hela. Kuingilia ngumi kwa mwili wako. Mkikuta mtoto chini ya miaka 18 piga simu kwa wazazi au polisi, hiyo siri hatuitunzi.

Mtu akisema anataka kufa, muulize wazi wazi, "Unafikiria kujiua?" Swali halimpandikizii wazo. Usimwache hata dakika, ita msaada.

Hatua ya mwisho: asubuhi

Chakula kiwe tayari kuanzia saa 4 mpaka saa 7 mchana, kabla ya hapo utapika na watu bado wamelala. Kiwe moto, kiwe bure, kusiwe na mahubiri ya kulipia sahani. Watakuja wachache, labda wanne kati ya hamsini, na hao wanne kaa nao. Wana aibu, kichwa kinauma, wengine wanataka tu kurudisha blanketi. Waliopo mezani upande wenu wawe nusu ni wenyeji wa lile kanisa la hatua ya kwanza, ili akitaka kuendelea awe na mtu wa kumpigia nyie mkishapanda ndege.

Timu nayo ikae kabla ya kulala, dakika ishirini, kila mtu aseme alichokiona na kilichomkaa vibaya. Mwenye kutetemeka apumzike zamu inayofuata, sio aibu. Mkirudi nyumbani mpigieni kila mmoja baada ya wiki mbili, maana mara nyingi ndo muda ule picha zinaanza kurudi.

Yule binti wa ndala alikuja saa 6 mchana. Alikula sahani mbili, hakuuliza chochote mpaka tulipoanza kukusanya vyombo, ndipo akamwambia mwenzangu, "Lile swali langu la jana ulinijibu haraka haraka." Wakakaa chini tena, na yule dada wa kanisa la pale akavuta kiti.